Risala ya Waraibu Wanaopata Nafuu kwa Mgeni Rasmi, Juni 26

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa dini, wazazi na ndugu zetu, madaktari na wauguzi mnaotuhudumia, nawe uliyekaa nyuma karibu na mlango ukiwa hujaamua kama utabaki mpaka mwisho: tunawasalimu nyote, na karibuni sana.

Tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi leo, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kwa ajili ya kupiga vita dawa za kulevya. Siku kama hii husikika sana habari za unga uliokamatwa na watu waliotiwa mbaroni. Sisi tunaomba utusikilize kwa jambo jingine: jinsi mraibu anavyomshika mkono mraibu mwenzake, na kwa nini kazi hiyo ihesabiwe kuwa kazi.

Kikundi chetu kina wanawake na wanaume. Wapo waliovuta heroini, waliojidunga, waliozama kwenye vidonge, na ambao pombe ndiyo iliwapotezea ndoa na ajira. Tunapokutana, anayetaka kusema husema, na asiyetaka husikiliza. Hakuna anayekatizwa wala kuhukumiwa, na linalosemwa mle halitoki nje. Ndiyo maana katika risala hii hutasikia jina la mwanachama hata mmoja, na kwa hilo tunaomba utuwie radhi.

Utaratibu huu tumeurithi. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, dalali wa hisa aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alijikuta peke yake katika mji wa Akron, Marekani, shughuli iliyompeleka ikiwa imeharibika. Hamu ya pombe ikampanda. Akakimbilia simu, akatafuta mpaka akapata mlevi mwingine wa kuzungumza naye: daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith. Daktari huyo alikuwa amekwisha kushauriwa vya kutosha na watu wasiojua ulevi. Huyu mgeni alimsimulia yaliyompata yeye mwenyewe. Hapo ndipo kilipoanzia chama cha Alcoholics Anonymous, cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, na mwaka 1953 huko California waraibu wa dawa nyingine wakaanzisha Narcotics Anonymous, ambacho leo kina mikutano katika nchi zaidi ya 140. Kinachotugusa katika kisa hiki ni kwamba aliyekwenda kumsaidia mwenzake alikuwa anajiokoa yeye. Ndivyo ilivyo kwetu mpaka leo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa, humshika mtu ndani ya saa 24 tangu atumie mara ya mwisho. Machozi na kamasi humtoka, mifupa humuuma, tumbo humwendesha, usingizi humpaa, na hali hiyo huweza kuendelea kwa siku 4 hadi 10. Daktari ana dawa za kuipunguza makali, nasi tunamheshimu kwa hilo. Lakini saa tisa usiku, mgonjwa anapoanza kutafuta viatu vyake aondoke, anahitaji mtu wa kumwambia, "Hata mimi nilidhani ninakufa. Kaa, kesho kutwa utalala." Akisema hivyo mtu asiyewahi kulala juu ya kitanda kile, mraibu humwona mwongo. Akisema mwenzake, huketi.

Baada ya mwili kutulia ndipo kazi ndefu huanza. Tunafundishana kujikagua kwa mambo manne: njaa, hasira, upweke na uchovu. Mara nyingi hamu ya kurudi hupitia mmojawapo wa milango hiyo minne, na mtu akiutambua mapema hupiga simu kabla miguu haijampeleka kijiweni. Tena sisi tunazijua hadaa zote, kwa maana tulizitumia wenyewe. Anayesema "naenda kudai hela yangu tu" hatumbishii; tunafuatana naye.

Kuna jambo tunataka lieleweke bila utata. Wapo wanaosema kwamba anayekunywa methadoni, dawa ya hospitali inayotolewa badala ya heroini, bado ni mtumiaji, asijihesabu miongoni mwa waliopona. Kikundi chetu kinalikataa neno hilo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, na sisi tumeona kwa macho yetu mama akirudi kulea wanawe kwa sababu ya kikombe kile cha kila asubuhi. Kwetu anakaa, anasema, anasikilizwa. Na mnywaji wa pombe nyingi anayetaka kuacha ghafla tunampeleka hospitali kwanza, kwani degedege la kuacha pombe linaweza kuua. Ushuhuda wetu hauchukui nafasi ya daktari.

Kinachotuumiza zaidi ni vifo vya wenzetu waliokuwa wameanza kunawiri. Mtu akikaa miezi bila kutumia, gerezani au katika nyumba ya kupata nafuu, mwili hupoteza uzoefu wa dawa. Akitoka na kurudia kipimo chake cha zamani, kipimo kilekile kinaweza kusimamisha pumzi yake. Hatari ni kubwa mno katika siku na wiki za mwanzo baada ya kutoka, na ndizo siku ambazo ndugu hawajamwamini bado, ajira hana, na anayempokea kwa furaha ni muuzaji.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni kuruhusiwa kukutana na wenzetu kabla hawajatoka gerezani na hospitalini, ili atakapofika mlangoni amkute mtu anayemfahamu. La pili, dawa ya naloksoni, ambayo humrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini ikiwahi, isifungiwe kabatini; wapewe waelimishaji rika, yaani wenzetu waliopata nafuu wanaowasaidia waraibu wengine, na familia, pamoja na mafunzo ya kuitumia. Tunaomba pia chumba cha kukutania chenye mahali pa watoto, kwa kuwa wanawake wengi hushindwa kuja kwa kukosa wa kumwachia mtoto, na wengine huogopa kwamba wakijitokeza watanyang'anywa watoto wao.

Ombi la mwisho ndilo tunalolisimamia kwa nguvu zote. Waelimishaji rika wetu huamshwa usiku, hutembea vijiweni, hukesha na wagonjwa, na kila mwezi huambiwa asante. Asante tunaipokea, lakini mtu anayejenga maisha upya ana kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha. Tunaomba waajiriwe katika kliniki kwa mkataba na mshahara, wapate mafunzo na msimamizi, na rekodi ya kesi ya zamani ya matumizi isiwafungie mlango wa kazi ambayo maisha hayohayo yamewafundisha kuifanya.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.