Watoto wa mahafali wapewe kivuli kwanza

Mhariri,

Msimu wa mahafali ya chekechea umewadia. Naomba nafasi niseme na walimu wakuu na wazazi kabla majoho hayajatoka kwa dobi.

Napiga picha hapa Tanga tangu enzi za Yashica na filamu ya picha 36. Ukiharibu tano, umekula hasara, na hela ya kusafisha hujatoa. Umaskini ule ulitufundisha kusubiri. Siku hizi mtoto mmoja anaelekezewa simu kumi, kila mtu anamwita upande wake: "Tazama huku! Cheka basi!" Anayeamrishwa kucheka hutoa meno tu, macho yanabaki na woga.

Halafu saa yenyewe. Saa saba mchana, jua la utosi, joho jeusi la nailoni, ukuta mweupe nyuma. Simu inaufuata mwanga wa ukuta, nyuso za watoto zinatoka giza tupu. Na mwembe upo hatua chache tu pale. Chini yake wamekaa meza kuu, wanakunywa soda.

Nikipewa dakika kumi, nawahamishia watoto kivulini, napiga magoti (suruali zangu zote zina viraka, ukimpiga mtoto picha umesimama unapata kichwa kikubwa na miguu ya bata), kisha naanzisha "nyama, nyama". Ya ng'ombe? Nyama! Ya mbuzi? Nyama! Wanaruka. Ya paka? Wawili watatu wanaruka kwa mazoea, wenzao wanawacheka hadi wanaegemeana. Kidole changu kipo tayari tangu kwenye mbuzi. Picha hiyo mzazi habishani bei.

Kilichonishikisha kalamu ni cha mwaka jana, shule siitaji. Watoto walipangwa mstari kumsubiri mgeni rasmi, naye akachelewa. Kijana mmoja wa safu ya mbele, wa miaka sita hivi, akashindwa kujizuia, joho likalowa. Mimi nilishusha kamera. Mwalimu akainua simu. Jioni picha ilikuwa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, na vikatuni vya kucheka vimejipanga chini yake. Mama mtu alinipigia mimi, kwani mwenye kamera shingoni nilikuwa peke yangu. Nikamwambia, "Dada, ile si yangu." Akanyamaza, akakata. Januari alimwandikisha mwanawe darasa la kwanza shule nyingine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Anayedhani hayo ni maneno ya kwenye makaratasi aulize ng'ambo ya Horohoro: mwaka 2023 shule moja ya Kenya ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 za kwao kwa kuanika picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Kwa hiyo mwaka huu picha zipigwe asubuhi, kabla ya hotuba. Fomu ya ridhaa iende nyumbani pamoja na ile ya mchango wa sherehe, ambayo sijawahi kusikia imesahaulika. Na mgeni rasmi akichelewa, watoto wapelekwe mwembeni wakacheze, meza kuu ihamie juani.

Mpiga picha,
Ngamiani, Tanga