Kamati zisome makala, zisihesabu tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu namna tunavyowapima watafiti wetu, hasa sisi tulio kwenye baiolojia ya molekuli. Siku hizi mshereheshaji wa kongamano akimkaribisha mzungumzaji huanza na hesabu: ana makala ngapi, amenukuliwa mara ngapi, faharisi yake ya h imefika wapi. Ukumbi unapiga makofi. Alichogundua hakitajwi, na wala hakuna anayeuliza.

Kwa wasioifahamu, faharisi hiyo ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Hesabu yenyewe ni nyepesi, ndiyo maana kamati za kupandisha vyeo zinaipenda.

Sasa tumchukue Oliver Lowry, mwanabiokemia. Mwaka 1951, yeye na wenzake watatu wa St. Louis, Marekani, walichapisha njia ya kupima kiasi cha protini kwa kemikali iitwayo kitendanishi cha Folin: sampuli inageuka buluu, nawe unasoma ukali wa rangi. Jarida la sayansi la Nature lilipoorodhesha mwaka 2014 makala 100 zilizonukuliwa kuliko zote, hiyo ndiyo iliyoongoza, ikiwa imenukuliwa zaidi ya mara 305,000. Ya pili ilikuwa ya Laemmli ya 1970, ya kutenganisha protini kwenye jeli. Ya tatu, ya Bradford ya 1976, ni ya kupima protini tena! Makala maarufu ya Watson na Crick ya 1953, iliyoeleza umbo la DNA, haimo hata katika hizo 100.

Sababu yake kila mtu wa maabara anaijua. Ukipima protini lazima useme umeipima kwa njia gani, lakini ukiandika kwamba DNA ina nyuzi mbili, nani atakudai marejeo? Lowry mwenyewe alikiri kuwa ile haikuwa makala kubwa. Na mtafiti ambaye angekuwa na makala hiyo moja tu maishani mwake, faharisi yake ya h ingekuwa 1. Kwa kipimo kimoja ni bingwa wa dunia, kwa kingine hatoshi hata kuitwa mhadhiri mwandamizi.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa mihogo ulielezwa kwa mara ya kwanza na H. H. Storey mwaka 1936, akiwa kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara. Kwa miongo mingi ni wachache mno waliokuwa na haja ya kuinukuu kazi ile, kwa kuwa maradhi yalionekana ni ya pwani na ya wakulima wadogo. Ugonjwa ulipoanza kusambaa Uganda miaka ya 2000, watu walirudi kwa Storey, na leo makala nyingi za virusi vinavyousababisha humtaja mwanzoni kabisa. Anayetafiti virusi vya mihogo leo hawezi kunukuliwa sawa na anayetafiti saratani hata akiwa hodari mara mbili, kwa sababu maabara za kumnukuu ni chache. Tukimhukumu kwa idadi tunamfundisha aiache mihogo.

Halafu kuna suala la nafasi ya jina. Katika fani yetu jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya majaribio yenyewe maabara, na la mwisho ni la mkuu wa maabara. Miradi mikubwa ya vinasaba huwa na waandishi kwa mamia, na mara nyingi majina ya Waafrika waliokusanya sampuli yanabanwa katikati. Mfumo wa kuhesabu hauoni tofauti hiyo. Aliyebuni utafiti na aliyetoa mirija michache ya sampuli kwenye friji wote wanaongezewa idadi ileile.

Najua kwa nini namba zilipokelewa vizuri. Zinapunguza kujuana, na mjumbe hawezi kumpitisha mpwa wake asiye na makala hata moja. Hilo nalikubali, zibaki. Lakini Azimio la San Francisco lililoanzia kwenye mkutano wa wanabaiolojia wa seli mwaka 2012 linataka kazi ya mtafiti ipimwe kwa yaliyomo, si kwa hadhi ya jarida lililoichapisha. Vyuo vyetu vinaweza kuanza na jambo dogo: mwombaji wa cheo ateue makala zake tatu, aandike ukurasa mmoja kueleza yeye binafsi alifanya nini katika kila moja, na wajumbe wazisome kabla ya kikao. Tatu tu. Posho ya kikao inatosha kabisa kuilipia kazi hiyo.

Mtafiti wa maabara,
Morogoro