Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Bagamoyo: njia itengwe kabla ya nyumba

Mheshimiwa,

Salaam aleikum. Nakuandikia kutoka upande wa Zinga. Shamba la minazi alilotuachia babu limebaki na minazi sita. Kwingine kote tuliuza, kama walivyouza majirani, kwa hatua: ishirini kwa ishirini, mashahidi wawili, sahihi, basi. Hakuna aliyeuliza barabara itapita wapi. Nami sikuuliza.

Masika iliyopita mke wa jirani alishikwa na uchungu usiku. Gari lilikuja, likaishia kwenye ukuta wa mtu. Tulimbeba kwa kitanda cha kamba, matope magotini, hadi barabara kuu. Alijifungua salama, alhamdulillahi. Tangu usiku ule, nikimwona mtu anapima hatua shambani, nawaza mgonjwa wake atatolewa wapi.

Novemba 2022 dunia ilitangazwa kufikisha watu bilioni 8. Habari ile ilisikika kama ya mbali, kumbe sehemu yake ipo hapa kwetu. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 2,024,947 Mkoa wa Pwani. Mwaka 2012 tulikuwa 1,098,668. Nchi nzima imetoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa mwendo huo watu huongezeka maradufu katika miaka ipatayo 22. Wengi wa wageni wetu wametoka Dar es Salaam wakitafuta kiwanja wanachokimudu. Siwalaumu hata kidogo. Wametuletea mafundi, maduka na majirani wema.

Uzazi wa mpango nauunga mkono, na kila mama aupate bila kusafiri mbali. Lakini zaidi ya Watanzania wanne katika kila kumi hawajatimiza miaka 15. Hata kila nyumba ikizaa wawili tu kuanzia leo, wazazi wa kesho wameshazaliwa, na watataka pa kujenga.

Tena kuna Mto Ruvu. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini uko wilayani kwetu na jiji la Dar es Salaam linautegemea. Mwishoni mwa 2022 mto ulipopungua, jiji lilipewa maji kwa mgawo. Mto huohuo huishia kwenye mikoko yetu, ambako kamba wadogo hukulia kabla ya kwenda baharini. Mikoko ikigeuzwa boriti na mkaa, wavuvi wa hapa watarudi na nyavu tupu, na chumvi itapata nafasi ya kuingia mashambani.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, shamba lolote lisikatwe viwanja mpaka afisa ardhi achore njia, mfereji, na eneo la shule na zahanati, hata kama ni kwa kamba na vigingi tu. Kulipa fidia ya nyumba iliyokwisha kuezekwa ni ghali mno kuliko kuzuia mita sita za shamba leo. Pili, mpaka wa mikoko uwekewe bikoni zinazoonekana, na vijana wa kijiji wapewe kazi ya kuulinda kwa posho.

Njoo Jumamosi yoyote na maafisa ardhi wako. Nitawapitisha kuanzia Kerege hadi hapa kwa miguu, mashamba yangali wazi, kabla masika haijaanza.

Mkazi wa Zinga