Nimemsamehe, ila siri zangu simpi tena. Je, nakosea?

Mpendwa mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Barua hii nimeiandika na kuifuta mara kadhaa, maana kila nikiisoma naona kama namsengenya mtu ninayempenda.

Mimi na mwenzangu huyu tuna urafiki wa miaka 11. Tunaimba sauti ya pili katika kwaya moja, na daftari la nyimbo ni moja, tunalishika pamoja bega kwa bega. Mwaka jana ndoa yangu ilipitia kipindi kigumu. Nilimweleza yeye tu. Haukupita muda, kwenye maombi ya kina mama, dada mmoja ambaye hata mazoea naye sina akanishika mkono: "Pole, tunawaombea wewe na mumeo." Miguu iliniisha nguvu. Kumbe rafiki yangu alilipeleka kama ombi la maombi! Anasema jina hakulitaja. Kana kwamba kuna asiyejua shoga yake ni nani.

Nilimwendea, yeye na mimi peke yetu, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza. Alikuja juu kwanza. Jioni akaniandikia: "Nisamehe kama nilikukosea." Hilo "kama" nimelisoma mara nyingi kuliko zaburi yoyote. Nikamjibu, "Yameisha." Na sikusema uongo. Niliomba, nililia, kinyongo kikapungua. Mama yake alipolazwa nilikesha naye wodini usiku 2, na wala sikujilazimisha.

Ila ya moyoni simwelezi tena. Tukikutana namwuliza habari za watoto na mazoezi ya kwaya, basi. Ameligundua. Jumapili iliyopita, daftari likiwa mikononi mwetu, akaninong'oneza: "Upendo hauhesabu mabaya. Wewe bado unahesabu." Kinanda kikaanza. Ubeti wa kwanza wote nilikuwa nafungua mdomo tu.

Nimjibu nini? Najua Petro aliambiwa saba mara sabini, wala sitafuti pa kukwepea. Lakini deni nikishalifuta, ni lazima nimkopeshe tena hapo hapo? Nimekuwa nikisoma Matendo 15, pale Paulo na Barnaba walipogombana hata wakatengana, kwa sababu Paulo hakutaka kusafiri na Yohana Marko aliyewahi kuwaacha njiani. Baadaye sana Paulo huyo huyo anamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Sasa ile miaka ya katikati, Paulo alikuwa hajasamehe, au alikuwa amesamehe na bado anangoja? Nimewauliza wapendwa wawili kanisani, kila mmoja akaniambia niombe tu. Kuomba naomba.

Kuna jingine, na hili sijamwambia mtu. Mume wangu anasisitiza nimwache huyo mwanamke kabisa, maana ametuaibisha. Anaamini tulisikika tukizozana. Hajui kwamba habari ilitoka kinywani mwangu. Siri ile ilikuwa yake pia, na wa kwanza kuitoa nje ya nyumba ni mimi, bila kumwuliza. Tangu nong'ono lile la Jumapili nikimtazama usoni nashindwa kula.

Naomba unishauri: nianze na nani, rafiki yangu au mume wangu? Na nikienda kwa mume wangu, nitaweza kumwomba anisamehe bila kutia "kama"?

Ni mimi,
Mwimba sauti ya pili