Kinyonga asiyekula hashindiliwi chakula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaoshauriana kwamba kinyonga wa kufugwa akikataa kula abanwe taya, afunguliwe mdomo na asukumiwe panzi kooni. Njia hiyo huvunja taya, hupeleka chakula na maji kwenye njia ya pumzi, na sababu ya kutokula inabaki pale pale. Tena tunazungumzia mnyama wa gramu chache tu, si mbuzi anayenyweshwa dawa kwa chupa.

Ulimi wa kinyonga hufanya kazi kama manati. Msuli hukaza nyuzi zilizouzunguka mfupa wa ulimi, na zikiachiwa ulimi hufyatuka mbali kuupita urefu wa kiwiliwili chake. Ncha yake hunasa mdudu kwa mate ambayo ni mazito mara 400 hivi kuliko ya binadamu. Kila sehemu ya kazi hiyo ina maradhi yake, kwa hiyo tazama anavyokosa kabla hujamgusa.

Chukua panzi au nyenje asiyezidi upana wa nafasi iliyo baina ya macho ya kinyonga. Mweke juu ya kijiti, sentimita 10 hadi 15 mbele yake, wakati wa mchana mwili wake ukiwa umeshapata joto, kisha jitenge. Akimkazia mdudu macho yote mawili, akafungua mdomo, lakini ulimi ukachungulia tu na kurudi, au ukatoka nusu na kuning'inia, shuku upungufu wa kalsiamu au jeraha la ulimi. Ulimi ukifika kwa mdudu lakini mdudu akaponyoka, tatizo liko kwenye mate: kiu, upungufu wa vitamini A, au maambukizi mdomoni. Akipiga pembeni kila mara, chunguza jicho. Asipomtazama mdudu kabisa, usihangaike na ulimi. Tafuta baridi, woga, minyoo au, kwa jike, mayai.

Kalsiamu ndiyo inayowasumbua wengi, na inashangaza katika visiwa vyenye jua kama letu. Wadudu wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Hata akipewa kalsiamu, mwili hauifyonzi vizuri bila vitamini D, ambayo kinyonga huitengeneza kwa mionzi ya jua. Kioo huzuia mionzi hiyo. Anayefugwa ndani ya sanduku la kioo sebuleni, hata likiwa karibu na dirisha, anaishi gizani kwa hesabu ya mifupa yake. Taya la chini hulegea na halifungi sawa, miguu hupinda, vidole hutetemeka, na msuli wa ulimi hukosa nguvu. Taya kama hilo ndilo linalovunjika mikononi mwa anayeshindilia.

Mtengenezee tundu la wavu, refu kwenda juu, lenye matawi ya mpera na majani ya kutosha, ulitoe nje saa 2 hadi saa 4 asubuhi huku nusu yake ikiwa kivulini. Sanduku la kioo usilianike juani, maana ndani yake mnyama huiva kwa dakika chache. Kwa kalsiamu, mfupa wa ngisi unaookotwa pwani unatosha: uroweke maji baridi siku moja ukibadilisha maji, uanike, uusage uwe laini kama unga. Tia wadudu kwenye kopo pamoja na unga kidogo, tikisa mpaka waonekane wamepakwa vumbi jepesi, uwape hapo hapo kabla hawajajisafisha. Chokaa ya tambuu au ya kujengea isikaribie, inaunguza mdomo. Lakini taya likishalegea, unga peke yake hautoshi. Hapo anahitaji kalsiamu ya daktari wa mifugo, kwa kipimo cha uzito wake.

Wadudu wenyewe walishwe siku moja kabla: matembele, karoti, papai. Usitumie kombamwiko wala panzi wa nyumba iliyopuliziwa dawa ya mbu.

Upungufu wa vitamini A huanzia machoni. Kope huvimba, jicho hufumbwa mchana, na mnyama asiyeona hapigi ulimi. Jicho linaweza kufumba kwa uchafu au usaha pia, kwa hiyo lisafishwe kwanza kwa maji ya chumvi ya dripu, yale ya asilimia 0.9, tone baada ya tone. Hapa kuna hatari moja ya kutisha. Tone la vitamini A wanalopewa watoto wachanga wa miezi 6 hadi 11 lina yuniti 100,000. Kinyonga wa gramu 50 hahitaji hata sehemu moja ya mia ya kiasi hicho, na ikizidi inamuua. Usijaribu kukisia.

Mdomoni, tazama ukingo wa fizi anapoachama mwenyewe. Wekundu, vidoa vya damu au usaha mgumu mweupe ni maambukizi, na mara nyingi huanza pale alipojikwaruza puani au mdomoni kwenye waya. Waweza kupangusa kwa pamba yenye iodini iliyozimuliwa mpaka ifanane na chai nyepesi, lakini usaha ukiwa umeingia kwenye mfupa ni kazi ya daktari. Ulimi ulioning'inia usiuvute wala usiukate. Uloweshe kwa yale maji ya dripu usikauke, umpeleke siku hiyo hiyo. Hata akiupoteza ulimi, wengi hujifunza kuchukua mdudu kwa taya kutoka mkononi au kwenye kikombe.

Maji hayanywi kwenye bakuli. Toboa kopo kwa sindano, litundike juu ya tundu, tone moja likianguka juu ya jani kila sekunde moja au mbili, na unyunyize majani asubuhi na jioni. Sehemu nyeupe ya kinyesi ikigeuka njano iliyokolea au rangi ya chungwa, na macho yakididimia, ana kiu.

Jike anayehangaika chini ya tundu huku amekataa chakula huenda anataka kutaga, hata kama hajapata kukutana na dume. Mpe ndoo yenye udongo na mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 25 hivi, na umwache bila kumchungulia. Akilala chini amefumba macho na hajataga, usingoje kesho.

Mpime kila wiki kwa mizani ndogo ya jikoni na uandike. Mkubwa aliyeacha kula siku chache huku uzito ukiwa pale pale anaweza kungojwa. Akipungua sehemu moja ya kumi, apelekwe. Mdogo asingojwe zaidi ya siku mbili. Msafirishe ndani ya kikapu chenye kijiti cha kushikilia, kilichofunikwa kanga, na uchukue kinyesi kibichi kwenye kichupa kwa ajili ya kupima minyoo.

Mfugaji,
Chake Chake, Pemba