Shaba ikipungua kwenye damu, tusikimbilie vidonge

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji jambo ambalo familia yetu ilichelewa kulielewa. Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, alianza kutetemeka mikono, ulimi ukawa mzito na mwandiko wake ukaharibika. Alipopimwa damu, shaba ilionekana kuwa chini ya kiwango cha kawaida, nasi tukashauriwa tumnunulie vidonge vya kuongeza madini hayo. Tulimpa kwa miezi miwili. Kumbe ini lake lilikuwa limejaa shaba, na sisi tulikuwa tukiiongeza.

Nimefundisha biolojia miaka mingi, na bado sikuuliza swali lililopasa kuulizwa: shaba iliyopimwa ilibebwa na nini? Mwili hauiachi shaba izurure, kwa sababu ikiwa huru huzalisha kemikali kali zinazoharibu seli. Protini huipokezana. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 0.9 tu kwa siku. Kiasi hicho huingia katika seli za utumbo mdogo kupitia protini iitwayo CTR1, hutolewa upande wa pili na ATP7A, kisha albumini, protini iliyomo kwenye damu, huwa miongoni mwa wanaoifikisha kwenye ini. Humo, protini ndogo iitwayo ATOX1 huikabidhi kwa ATP7B, na hapo ndipo mpwa wangu alipopata hitilafu.

ATP7B ina kazi mbili. Huiwezesha shaba kupachikwa kwenye seruloplasmini, protini inayotengenezwa na ini na kubeba atomi sita kwa kila molekuli, na shaba inayozidi huisukuma kwenye nyongo ili itoke na choo. Aliyerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, yaani mwenye ugonjwa wa Wilson, unaoitwa kwa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1912, huzikosa kazi zote mbili. Seruloplasmini isiyo na shaba huvunjika upesi, na kwa kuwa protini hiyo ndiyo ibebayo sehemu kubwa ya shaba ya kwenye damu, kipimo hushuka wakati ule ule ambapo ini, na baadaye ubongo, vinazidi kulemewa.

Aliyetuokoa ni daktari wa macho, aliyeona pete ya kahawia kwenye ukingo wa konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho. Mkojo uliokusanywa kwa saa 24 ukaonyesha shaba nyingi mno. Sasa mpwa wangu anatumia penisilamini, dawa inayoinasa shaba na kuitoa kwa mkojo. Wagonjwa wengine hupewa zinki, ambayo huzifanya seli za utumbo zitengeneze metalothioneini, protini inayoishikilia shaba hadi seli hizo zichubuke na kutoka nayo.

Upungufu wa kweli upo, nami sibishi. Ninachoomba ni kwamba kijana mwenye mtetemeko au ini lenye shida isiyoelezeka asiandikiwe shaba kwa kipimo kimoja cha damu, bila kupimwa seruloplasmini, mkojo wa saa 24 na macho. Akigundulika kuwa na ugonjwa wa Wilson, ndugu zake wa baba na mama mmoja nao wapimwe hata wakiwa wazima, kwani kila mmoja ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuwa na ugonjwa huo. Wadogo wawili wa mpwa wangu wamekwisha kupimwa. Majibu ya mmoja ni mazuri, ya mwingine tunayasubiri.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro