Majibu ya kipimo yaheshimiwe

Ndugu Mhariri,

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Vipimo vya haraka vipo: tone la damu kidoleni, majibu ndani ya nusu saa. Inaniuma kuona mgonjwa asiyekutwa na vimelea vya malaria bado anaandikiwa dawa mseto ya ugonjwa huo, huku nimonia ikiendelea kumla. Simlaumu mhudumu peke yake. Wengi hufundishwa kusoma kipimo, hawafundishwi la kufanya kikionyesha hakuna malaria. Semina ya siku moja haitoshi. Wasimamizi wakae nao kwenye chumba cha matibabu, wapitie majalada pamoja, wawaelekeze namna ya kutafuta chanzo kingine cha homa.

Msomaji wenu